Udongo Usiotiwa Chumvi

Waliokuwapo jioni ile walikuwa watano, na ni vyema kuwataja mmoja mmoja, maana baadaye kila mmoja alisimulia kwa namna yake.

Wa kwanza ni Yedder ben Khalifa, mwenye karakana. Wa pili ni mama yake, Hniya, aliyekuwa ameleta mkate wa shayiri na tini kavu, akaketi kungoja arudishiwe kapu lake. Wa tatu ni Yahia Chemmakh, mfinyanzi wa gurudumu, mtu asiyeweza kumaliza sentensi mbili bila mzaha. Wa nne ni Sassi ben Amor Azzabi, mwenye umri wa miaka sabini na miwili, ambaye alikanda udongo kwa miguu yake mahali hapo kwa miaka thelathini na mmoja kabla mashine haijaletwa, na sasa kazi yake ilikuwa kuilisha mashine. Wa tano ni Frej ben Mabrouk Gharbi, fundi wa mitambo kutoka mji wa Houmt Souk.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 13 Novemba 1972, katika Guellala, kijiji cha wafinyanzi, muda mfupi kabla ya magharibi.

Frej alikuwa ameitwa kwa jambo dogo. Mashine ya kukandia udongo ilikuwa ikigonga. Haikugonga mfululizo, kama chuma kilicholegea kinavyogonga. Iligonga mara mbili, ikanyamaza, ikagonga tena mara mbili.

Du... du.

Kimya.

Du... du.

Mashine yenyewe haikuwa na maajabu. Pipa la chuma lililolazwa, refu kama mtu mzima. Ndani yake mhimili wenye visu, na mwisho wa visu parafujo kubwa ya kusukuma. Juu, mdomo wa kulishia. Mbele, tundu la duara, ambamo udongo uliokandwa hutoka umeshikana, gogo nene kuliko paja la mtu. Frej aliijua kama anavyoijua saa yake ya mkononi. Alibadilisha beringi, akakaza mkanda wa mota, akapaka grisi, akajifuta mikono.

"Washa," alisema.

Yedder akabonyeza swichi. Mashine ikaunguruma vizuri, bila kugonga.

"Alhamdulillahi, mgonjwa kapona," alisema Yahia. "Nimpasue tumwone utumbo?"

Gogo la udongo likatoka polepole, jekundu, linameremeta. Yahia akalibeba hadi juu ya meza ya mawe, akashika waya wa kukatia kwa mikono miwili, akalipasua kwa urefu. Vipande viwili vikalala chali.

Yahia aliuachia waya. Mzaha haukufuata, na hilo ndilo lililomfanya Frej ageuke.

Ndani ya udongo kulikuwa na mguu.

Kipande kimoja kilikuwa kimebonyea, cha pili kimevimba, kama kalibu na kilichotolewa humo. Kisigino. Upinde wa unyayo. Vidole vitano, na kile kidogo kabisa kimepinda ndani.

Karakana za Guellala zimechimbwa ardhini hadi mabegani, na jua likianza kushuka, humo ndani tayari ni usiku. Kulikuwa na balbu moja. Wote watano waliinama chini yake.

"Huo ni ufa wa parafujo," Frej alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Udongo ukizungushwa, hauungani vizuri katikati. Huacha ufa uliopinda. Mashine zote za namna hii hufanya hivyo."

"Na vidole?" aliuliza Hniya. "Parafujo yako ina vidole, mwanangu?"

"Basi kuna mtu anatuchezea." Frej aliwatazama mmoja mmoja. Macho yake yalikawia kwa Sassi. "Vueni viatu. Kila mtu apime."

Yedder na Yahia walitazamana. Ilikuwa kitambo kifupi tu, na Frej alikiona, lakini hakukielewa. Kisha Yahia akavua kiatu akicheka, akisema mguu wake haujaoshwa tangu Idi, atakayekufa kwa harufu asimlaumu yeye. Akaulaza juu ya alama. Ulizidiwa kwa upana wa vidole viwili. Yedder naye vilevile. Hniya akaukanyaga kando, wake ulikuwa mdogo kabisa. Frej akavua kiatu na soksi, akapima. Alama ilimzidi kwa upana wa kidole gumba.

"Ami Sassi," alisema Frej.

"Mimi sipimi."

"Kwa nini hupimi?"

"Sipimi, Fundi."

"Anayekataa kupima ndiye mwenye la kuficha."

Mzee alikivuta kipande kilichobonyea, akakiweka juu ya mkeka wa makuti pembeni, mbali na upepo, kwa uangalifu kama anayelaza mtoto. Ndipo akasema, bila kumtazama mtu:

"Baba yangu aliuona mara moja, kabla Wafaransa hawajatuletea barabara. Mguu ulitokea kwanza, ndani ya udongo. Mwenye mguu akazikwa kabla ya mwezi kwisha."

Nje, mwadhini akaanza. Hniya akachukua kapu lake, akaondoka bila kuaga.

*

Hapa lazima lielezwe jambo la mwezi Aprili, maana Frej mwenyewe hakulisahau hata dakika moja alipokuwa akiendesha pikipiki yake kurudi Houmt Souk.

Guellala wanakanda udongo kwa maji ya bahari. Punda huyapandisha kutoka ufukweni ndani ya mitungi, na chombo kilichokandwa kwa maji hayo hutoka cheupe tanuruni. Miguu ya wakandaji haikuwahi kulalamika. Lakini chuma kinalalamika. Mwezi Aprili Frej aliifungua mashine akakuta chumvi imeila parafujo kama panya alavyo mkate. Akamwambia Yedder: tumia maji baridi, ya kisima cha mvua, vyombo vitakuwa vyekundu, lakini mashine itakuzika wewe. Yedder akakubali.

Sassi peke yake ndiye aliyepinga. Alisema chumvi haikutiwa kwa ajili ya weupe tu. Udongo ule unachimbwa kwenye mapango marefu chini ya kilima, ambamo hakuna mchimbaji anayeingia bila kupiga hodi, na kule chini wapo wasiotajwa kwa majina. "Chumvi ndiyo inayowabakiza kwao," alisema. "Ukiukanda udongo wao bila chumvi, umewafungulia mlango."

Frej alicheka siku ile. Alimwambia mzee kwamba anaionea mashine wivu. Yahia akaongeza kwamba hata yeye angeona wivu, mashine ina grisi nzuri kuliko mafuta ya zeituni ya mkewe. Wote wakacheka, ila Sassi.

Sasa Frej alikuwa na hakika. Mzee aliyenyang'anywa kazi, anayelisha mashine kwa mikono yake kila siku, ameshindwa kuishinda kwa maneno, kwa hiyo anaishinda kwa hila. Amechonga mguu, akauficha ndani, akangoja fundi awepo ili aibu iwe ya fundi.

Hivyo ndivyo alivyojiambia njia nzima.

*

Jumanne asubuhi alirudi kuifungua mashine. Yedder alikuwa tanuruni, Yahia alikuwa nje akianika mitungi. Frej alizima swichi kuu, akatoa fyuzi, akazitia mfukoni. Hiyo ndiyo kanuni: fundi huingiza mkono kwenye visu akiwa na fyuzi mfukoni mwake mwenyewe.

Akafungua bolti kumi na mbili. Pipa la mashine ile hufunguka sehemu mbili, kama ganda la lozi.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Haikuwa ya grisi wala ya kutu. Ilikuwa ya sufu iliyolowa, na ya mahali ambapo hewa haijapita miaka mingi.

Ukuta wa ndani wa pipa hubaki na utando wa udongo, unene wa wembe hadi unene wa kidole. Kila fundi huukuta. Frej akaelekeza tochi apate kuukwangua.

Utando ulikuwa umejaa nyayo.

Nyayo ndogo, zisizozidi kidole gumba, mamia kwa mamia. Zilifuata mzunguko wa parafujo, zikipanda ukutani, zikitembea darini, zikishuka upande wa pili. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Zilikwenda kwa mzunguko wa konokono, kutoka ukingoni kuja katikati, kama mkandaji anavyokwenda juu ya udongo. Na zote zilielekea upande mmoja.

Zilielekea tunduni. Zilikuwa zinatoka.

Alisimama na tochi. Ndipo akasikia, karibu sana, ndani ya kile chuma kilichofunguliwa, kisicho na umeme...

Du... du.

Fyuzi zilikuwa mfukoni. Alizishika.

Du... du.

Frej akachukua kikwangulio, akaukwangua utando wote, haraka, mpaka chuma kikang'aa. Akaosha pipa kwa maji ya kisima. Akafunga bolti kumi na mbili. Yahia alipoingia kuuliza kama ameona kitu, alijibu:

"Hakuna kitu. Udongo mkavu tu."

"Una jasho, Fundi. Na ni Novemba."

"Bolti zilikaza."

Kwa nini alidanganya? Kwa sababu ushauri wa maji baridi ulikuwa wake. Akisema alichokiona, amekubali kwamba yeye ndiye aliyefungua mlango. Ilikuwa rahisi zaidi mwovu awe mzee.

*

Alhamisi, jua lilipokuwa likishuka, Frej alijificha nyuma ya mitungi mikubwa ya zeituni mwishoni mwa karakana. Yedder alijua, walipanga pamoja. Yedder aliaga kwa sauti, akafunga mlango, akakaa nje ya ukuta.

Frej hakungoja sana. Mlango mdogo wa upande wa shimo la kulowekea udongo ulisukumwa. Mtu akaingia pekupeku, viatu amevibana kwapani. Alinyanyua mtungi begani kwa shida. Alikuwa akinong'ona.

Alikuwa Sassi. Alizunguka mashine mara moja, akapanda jiwe la kulishia, akainamisha mtungi kwenye mdomo wa mashine. Maji yakashuka ndani ya pipa.

"Nimekukamata!" Frej alitoka mbio. Akampokonya mtungi. "Leo nimekukamata, mzee! Unaitia nini?"

Yedder aliingia na taa. Sassi alikuwa amesimama vilevile juu ya jiwe, mikono mitupu.

Frej alichovya kidole mtungini, akakiweka ulimini.

Chumvi. Maji ya bahari.

"Kila jioni?" aliuliza Yedder.

"Tangu Aprili," alisema Sassi. "Mtungi mmoja. Haukutosha, lakini ulikuwa ukiwazuia. Mwezi uliopita niliumwa, nikalala siku tisa."

Mwezi uliopita. Ndipo mashine ilipoanza kugonga. Yedder alimtazama Frej. Ilikuwa zamu ya Frej kusema. Angeweza kutaja zile nyayo.

"Ndiyo maana beringi imekufa," alisema. "Chumvi. Yeye ndiye anayeua mashine yako, Yedder. Na mguu ni wake. Si alikataa kupima?"

Yedder hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameipenda ile mashine. "Ami Sassi," alisema polepole, "umenilea mimi hapa. Lakini kesho usije."

Mzee alishuka kwenye jiwe. Akavaa viatu vyake, kimoja baada ya kingine. Alipompita Frej, alinong'ona, kwa sauti isiyomfikia Yedder:

"Ulifungua pipa Jumanne. Uliona nini?"

Frej alimgeuzia mgongo.

"Basi ngoja ukauke," alisema Sassi. Akatoka.

*

Ijumaa tarehe 8 Desemba Frej alirudi kwa ajili ya kupaka grisi. Wiki tatu zilikuwa zimepita na hakuna aliyekufa. Tangu mzee afukuzwe mashine ilikuwa ikigonga kila siku, na kila gogo la tatu au la nne lilikuwa na alama ndani: kisigino, mara nyingine goti, mara moja kiganja. Yahia alikuwa ameacha kupasua kwa urefu. Alikuwa ameacha na mzaha.

"Njoo uone," alimwambia Frej. "Kimekauka."

Kile kipande cha siku ya kwanza kilikuwa bado juu ya mkeka. Rangi ilikuwa imepauka. Frej alikitazama, akadhani ni kingine.

"Kimekuwa kidogo."

"Udongo ukikauka hupungua, Fundi. Wetu hupungua sehemu moja katika kumi. Ndiyo maana tunafinyanga mtungi mkubwa kuliko tunaoutaka."

Frej alimgeukia. "Mlijua hivyo? Siku ile tulipopima?"

"Mfinyanzi gani asiyejua?"

"Na mkapima!"

"Wewe ndiye uliyesema tupime. Ungekuwa mfinyanzi ungejua. Na..." Yahia aliinamisha kichwa. "Nani angetaka kungoja ukauke halafu apime? Tulipima ukiwa mbichi tukafurahi. Jana nimeulaza wangu tena. Nashukuru Mungu. Yedder naye kapima, haukumwenea."

Frej alivua kiatu. Alivua soksi.

Akaulaza mguu.

Kisigino kiliingia. Upinde uliingia. Kidole chake kidogo, ambacho mota iliwahi kukiangukia mwaka 1964 kikapona kimepinda ndani, kilikaa mahali pake kama ufunguo ndani ya kufuli.

Nyuma yake, swichi imezimwa, mashine ikagonga mara mbili.

*

Nyumba ya Sassi ilikuwa nyuma ya kinu cha zamani cha mafuta. Frej alifika magharibi inapoingia, amekibeba kile kipande ndani ya koti lake. Mzee alifungua mwenyewe. Hakuonyesha mshangao.

"Ingia, Fundi. Umekula?"

"Ni wangu, Ami Sassi."

"Najua. Niliona unavyochechemea tangu siku ya kwanza uliyokuja."

"Uliona, na ukaninyamazia?"

"Ningekwambia, ungecheka."

Frej alikaa chini, kwenye sakafu. Ndipo aliposema yote: nyayo za pipani, uongo aliomwambia Yahia, uongo aliomwambia Yedder. Alisema kwamba ana mke Houmt Souk, jina lake Zohra, na kwamba mwezi haujaisha. Ukihesabu tangu ile Jumatatu, zilikuwa zimebaki siku nne tu.

"Nisamehe, ami yangu."

Sassi hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alileta beseni, na mtungi. Harufu ya bahari ikajaa chumbani. Akakiweka kile kipande kikavu kwenye beseni, akakimwagia maji. Udongo ambao haujaonja moto haukatai maji. Ulitoa vipovu, ukazomea kidogo, ukalegea, ukawa tope. Alama ya mguu wa Frej ikayeyuka mbele ya macho yake, vidole vikitangulia.

Mzee akalimwaga tope juu ya majivu na vumbi la udongo mkavu, akavua viatu, akaanza kukanyaga. Kisigino, vidole. Kutoka ukingoni kuja katikati. Hakuhema. Miguu yake ilikuwa mipana, myeupe kwa chumvi ya miaka yote ile. Ulipokaza, akausawazisha kwa kiganja, akasimama juu yake kwa mguu mmoja wa kulia, kwa uzito wake wote. Akashuka.

Alama mpya ilibaki. Kubwa, safi.

"Ndiyo maana nilikataa kupima," alisema. "Aliyekwisha kupima hawezi tena kusema mguu ni wake. Alibaki mmoja ambaye hakupima."

"Kwa nini unifanyie hivi?"

"Nani kasema nakufanyia wewe? Rudisheni maji ya bahari. Kesho. Usiache hata siku moja. Nenda, nataka kuswali."

Frej alitaka kumbusu mkono. Mzee aliurudisha nyuma.

Njiani, juu ya pikipiki, furaha ilimpanda kama homa. Alikuwa amefika karibu na kisima cha njia panda wazo lilipomjia, akapunguza mwendo mpaka akasimama kabisa, injini ikinguruma gizani. Mguu wa Sassi ni mkubwa kuliko wake. Mkubwa kwa kiasi gani? Alijaribu kuukumbuka ulivyokaa. Kwa upana wa kidole gumba?

Na udongo ule ulikuwa mbichi.

Moja katika kumi. Ukikauka, utamwenea nani?

Huenda mzee amempenda. Huenda mzee anajua hesabu kuliko yeye, na ndiyo maana hakusema amesamehe.

*

Jumamosi punda walipandisha mitungi kumi na minne kutoka ufukweni. Frej mwenyewe aliimwagia mashine, akailisha, akaiwasha. Haikugonga. Yahia alipasua magogo kwa urefu, kumi, ishirini, thelathini. Yote yalikuwa laini ndani kama jibini. Yedder alisema sasa parafujo italiwa na kutu, na Frej akajibu kwamba atakuja kuibadilisha kila mwaka. Hniya alileta kuskusi yenye samaki mkavu, akampa Frej sahani kubwa kuliko ya wengine, akamtazama miguuni alipokuwa akila.

Jumapili, tarehe 10 Desemba, Yahia Chemmakh alifika Houmt Souk kwa basi la saa tatu asubuhi, akabisha nyumbani kwa Frej. Alikataa kuketi. Frej, kabla hajaulizwa hali, aliuliza kwanza kuhusu kile kipande cha udongo cha kwa Sassi.

"Kipo kwake, juu ya mkeka," alisema Yahia. "Bado kibichi."

Kisha akasema kwamba Sassi ben Amor Azzabi amefariki alfajiri.